Tanuri Lililofukiwa: Namna Rangi ya Infraredi Inavyofichua Nyota Changa

Mchoma mkaa wa Kilosa haoni moto wake. Ameshapanga magogo, akayafunika majani, juu akashindilia udongo. Anachosoma ni moshi: ukiwa mweupe na mzito, magogo bado yanatoa maji, ukiwa mwembamba wa samawati, mkaa umekaribia.

Wanaastronomia wanaochunguza galaksi zenye viini hai wana kazi kama hiyo. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya vumbi, nalo vumbi humeza mwanga wa nyota hizo, likapata joto na kuutoa upya kama infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Tatizo ni kwamba galaksi hizi zina mioto miwili: nyota changa kwenye diski, na shimo jeusi katikati linalomeza gesi na kupasha vumbi lililo jirani. Utajuaje kila moto unatoa kiasi gani?

Kanuni ya kwanza ni nyepesi. Gawanya 2,900 kwa joto la kitu katika kelvini. Jibu ni urefu wa wimbi, kwa mikromita, ambapo kitu hicho hung'aa zaidi. Nyasi zinazowaka kwenye tambarare ya Mkata, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, zikiwa na kelvini 800 hung'aa karibu na mikromita 4. Ardhi yenye kelvini 300 hung'aa karibu na 10. Ndiyo maana kifaa cha MODIS, kwenye setilaiti za Terra na Aqua, hulinganisha mikromita 4 na 11. Pikseli yake ina upana wa kilomita 1, lakini moto ukishika hata kipande kidogo cha eneo hilo, uwiano hubadilika. Uwiano huo ndio "rangi" ya infraredi.

Kwa galaksi, mbinu ni ileile. Setilaiti ya IRAS, iliyorushwa Januari 1983 na Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilipima anga kwa mikromita 12, 25, 60 na 100. Vumbi la diski, lenye kelvini 30 hadi 50, hung'aa kati ya 60 na 100. Lililo karibu na shimo jeusi hufikia mamia ya kelvini, hivyo huongeza nguvu kwenye 25. Gawanya kipimo cha 25 kwa cha 60: galaksi ya NGC 253, inayozaa nyota kwa wingi, hupata takriban 0.16, NGC 1068, yenye kiini hai, 0.45. Mpaka kati ya aina hizo mbili ukawekwa karibu na 0.2.

Mpaka huo unavuja. Galaksi ya M82 hupata 0.22 kwa nguvu ya nyota zake tu. NGC 4945 ina kiini hai kinachotoa eksirei kali, lakini uwiano wake ni 0.07, kwa sababu vumbi baridi limekizidi. IRAS ilitazama kwa jicho pana: diski na kiini vilihesabiwa pamoja.

Dawa ilikuwa kuzitenganisha sehemu hizo mbili. Mwaka 1984, mwanaastronomia Telesco na wenzake walichapisha uchunguzi wa NGC 1068, galaksi ambayo mwanzoni mwa Novemba, usiku wa manane, hupita karibu na utosi wa anga la Mikumi. Kwenye mikromita 10, kiini ndicho kilichotawala. Kwenye mawimbi marefu, diski yenye upana wa takriban miaka ya nuru 10,000 ikajitokeza. Karibu nusu ya nguvu yote ya infraredi ilitoka kwenye diski hiyo, kazi ya nyota changa. Namba moja ya galaksi nzima ingekipa kiini sifa yote.

Mchoma mkaa mzoefu naye haamini moshi peke yake. Huzunguka tanuri akitazama udongo umetitia wapi, kwa sababu moshi humwambia hatua iliyofikiwa, na palipotitia humwonyesha upande ulioiva.