Mbunge wa Viti vya Nyuma na Gunia la Korosho

Makala haya yanachambua michango iliyotolewa Bungeni, Dodoma, mwezi Juni 2018 na wabunge wa mikoa ya kusini juu ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje. Hatuandiki kwa nia ya kumsifu mtu wala kumsuta mtu. Tunaandika kwa sababu ndani ya michango hiyo limo swali ambalo kila kada na kila mwanafunzi wa siasa hana budi kulijibu: mbunge wa Chama kinachotawala, asiye waziri, akaaye viti vya nyuma, anafanya kazi gani hasa anaposimama kuipinga hoja ya Serikali ya Chama chake? Anavunja nidhamu, au anatimiza wajibu?

Tutamtazama zaidi Ndugu Hawa Ghasia, wakati huo Mbunge wa Mtwara Vijijini kwa tiketi ya CCM. Jimbo hilo linafika baharini Msimbati na kwenye maingilio ya Mto Ruvuma, mahali ambapo mtu huyohuyo huvua, huchemsha chumvi na hutunza mikorosho michache aliyoirithi. Ndugu Ghasia aliingia Bungeni 2005, akawa waziri tangu 2006 hadi 2015, kisha akarudi viti vya nyuma na kuongoza Kamati ya Bajeti. Alikuwa miongoni mwa wabunge wa kusini waliopinga waziwazi. Pamoja naye walikuwapo wa CCM, kama Ndugu Nape Nnauye wa Mtama, na wa upinzani, kama Ndugu Katani Ahmed Katani wa Tandahimba, aliyekuwa CUF.

Jambo lenyewe

Chini ya kifungu cha 17A cha Sheria ya Tasnia ya Korosho ya 2009, korosho ghafi iendayo nje ilitozwa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 za Marekani kwa tani, kwa kufuata kiasi kilicho kikubwa zaidi. Asilimia 65 ya ushuru huo ilipaswa irudi kuliendeleza zao, na asilimia 35 iende Mfuko Mkuu wa Hazina. Muswada wa Fedha wa 2018 ulikuja na pendekezo kwamba ushuru wote, asilimia 100, uende Hazina. Aidha wabunge wa kusini walidai kwamba fedha za nyuma, zaidi ya shilingi bilioni 200 kwa hesabu yao, hazikuwa zimerudishwa kwenye zao kama sheria ilivyoagiza.

Tufanye hesabu ndogo ili jambo lieleweke. Tani moja ikiuzwa dola 2,000, ushuru ni dola 300. Kwa sheria ya awali dola 195 zingerudi kwenye zao na dola 105 zingebaki Hazina. Sasa tuulize: nani anazilipa dola hizo 300? Karatasi inasema ni msafirishaji. Lakini mnunuzi anapokwenda kwenye mnada wa stakabadhi ghalani anajua mapema kwamba bandarini atatozwa, na kwa hiyo huipunguza bei anayoiandika. Mzigo unateremka kutoka bandarini hadi ghala la chama cha msingi, na kutoka ghalani hadi mgongoni kwa mkulima wa Mahurunga. Msafirishaji amekuwa mpokezi wa kodi tu. Mlipaji ni mzalishaji.

Ndiyo maana asilimia 65 haikuwa sadaka. Mkorosho usiopuliziwa salfa hushambuliwa na ubwiri unga, maua yakakauka kabla ya kushika tunda. Mkulima mdogo huhitaji salfa katika miezi ambayo hana senti mfukoni, maana fedha za mavuno yaliyopita zimekwisha na mavuno mapya bado yako mtini. Hapo ndipo anaponaswa na mnunuzi wa kangomba, anayempa fedha kidogo leo kwa korosho nyingi za kesho. Ushuru uliorudi kwa sura ya salfa ulikuwa ngao dhidi ya unyonyaji huo. Msimu wa 2017/18, salfa ilipogawiwa bure, mavuno yalizidi tani 300,000, kiasi ambacho nchi yetu ilikuwa haijakifikia.

Hoja ya Serikali, iliyosimamiwa na Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, nayo isidharauliwe. Kwamba mapato ya taifa yaingie kapu moja, kisha yagawiwe kwa bajeti, ni kanuni ya mipango inayojulikana. Kila zao likiwa na mfuko wake na kila mkoa ukidai chake, taifa haliwezi kupanga. Basi mabishano haya hayakuwa kati ya wema na uovu. Yalikuwa kati ya kanuni ya kapu moja na haki ya mzalishaji, na kada anayeuona upande mmoja tu hajalielewa suala.

Nguvu ya michango

Tukiipima hoja ya wabunge wale kwa Katiba, tunaiona imesimama. Ibara ya 135 inaweka Mfuko Mkuu wa Hazina, lakini ibara hiyohiyo inakubali kwamba fedha zilizotajwa na sheria kwa shughuli maalumu zinaweza kuwekwa kando ya mfuko huo. Kifungu cha 17A kilikuwa sheria ya namna hiyo. Waliokitetea hawakuomba upendeleo. Walidai sheria iliyotungwa na Bunge hilohilo itekelezwe. Mbunge anayesimama juu ya sheria ni mgumu kumng'oa kuliko mbunge anayesimama juu ya malalamiko.

Pili, walizungumza wakiwa ndani ya mipaka ya kazi yao. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo Bungeni. Hapa tunapaswa kukumbuka historia. Oktoba 1968, Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Tanga, iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, na kwa hiyo wakapoteza viti vyao. Mgogoro wa siku zile ulihusu jambo kubwa: ni nani aliye juu, Chama au Bunge? Mwaka 1975 Katiba ilijibu kwa kukipa Chama hatamu. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukaubadilisha msingi huo. Wapo makada ambao bado wanamtazama kila mbunge anayepinga kwa jicho la 1968, nao wanakosea. Ndugu Ghasia na wenzake wa CCM hawakuukana mwelekeo wa Chama. Walikikumbusha Chama ahadi yake kwa mkulima. Nidhamu ya Chama ina maana ya kutetea malengo yake, wala haimaanishi kunyamaza wakati chombo kimoja cha Serikali kinapoyasahau.

Upungufu wa michango

Lakini uchambuzi unaosifu tu si uchambuzi. Tunaona upungufu wa aina tatu.

Kwanza, hoja ilivaa nguo ya ujimbo. Mjadala uliitwa wa "wabunge wa kusini", na umoja wao ulivuka mipaka ya vyama kwa sababu ya mkoa. Umoja huo ulikuwa na nguvu, lakini ulikuwa na hila ndani yake. "Watu wa kusini" si tabaka moja. Kusini yupo mwenye mikorosho hamsini, yupo kibarua anayeokota korosho za mwingine, yupo mwenye ghala, na yupo mtu wa kangomba, ambaye naye ni mwana wa kusini. Ukisema "fedha zetu" bila kuwatenganisha hawa, unampa mnyonyaji kivuli cha kujificha. Na wabunge wa pamba, kahawa na tumbaku wanasikia kwamba jambo haliwahusu. Kama hoja ingewekwa hivi, kwamba kila mzalishaji anayetozwa ushuru wa zao arudishiwe pembejeo kwa sheria, mbunge wa Shinyanga na wa Kagera wangejiona ndani yake. Madai ya haki yaligeuzwa madai ya mahali.

Pili, sauti ilikuja baada ya mambo kuiva. Mfumo wetu wa fedha unampa mbunge wa viti vya nyuma nafasi ndogo. Kwa ibara ya 99, hoja ya kuongeza kodi au ya kutoa fedha katika Mfuko Mkuu haishughulikiwi mpaka iwe imetoka kwa Rais kwa njia ya waziri. Kwa ibara ya 90, Bunge likiikataa Bajeti, Rais anaweza kulivunja. Kwa hiyo mbunge anayesubiri siku ya Muswada wa Fedha anasubiri siku ambayo mkono wake umekwisha kufungwa. Kazi ilipaswa kufanywa mapema, tangu sheria ilipoanza kutotekelezwa. Na hapa mtu aliyewahi kukaa meza ya mbele hukutana na swali zito. Waziri hufungwa na uwajibikaji wa pamoja wa Baraza la Mawaziri: akiwa mbele hawezi kupinga hadharani, akirudi nyuma anapata sauti lakini amepoteza kalamu. Hilo ni tatizo la mfumo wenyewe kabla ya kuwa la mtu mmoja, nasi tunalitaja ili makada waache kuupima ujasiri wa kiongozi kwa ukali wa maneno yake baada ya kuondoka madarakani.

Tatu, maneno hayakuwa na miguu. Hotuba ilisemwa Dodoma, mkulima aliisikia redioni, ikaishia hapo. Palikosekana uzi wa kuunganisha kiti cha mbunge, tawi la Chama na mkutano wa chama cha msingi. Mbunge asiye na wakulima walioelimishwa na kujipanga nyuma yake ni mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Muswada ulipita, na ushuru wote ukaenda Hazina. Mwaka huohuo Ndugu Ghasia aliacha uenyekiti wa Kamati ya Bajeti.

Yaliyofuata

Oktoba 2018 wakulima waligoma kuuza kwa bei zilizotolewa mnadani. Novemba, Rais John Magufuli aliamuru Serikali ilinunue zao lote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likaletwa kusomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini malipo ya wengi yalichelewa, na mtu wa kangomba alipata mwanya mpya. Mavuno ya msimu ule yalishuka mpaka chini ya tani 250,000. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa ushuru peke yake, maana mvua, bei na magonjwa navyo vina sehemu yake. Tunasema kwamba ngao ya pembejeo iliondolewa wakati ilipohitajika.

Historia ilikuwa imekwisha kutuonya. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Watu walihamishwa mbali na mikorosho yao katika Operesheni Vijiji, bei ilikuwa ndogo na ubwiri unga ulienea. Viwanda vikubwa vya kubangua vilivyojengwa kwa mkopo vilikosa korosho. Katika miaka ile mkulima hakupiga kelele. Aliacha kupalilia, msitu ukafunika shamba. Hiyo ndiyo kura ya mzalishaji asiyesikilizwa, na Hazina huisoma ikiwa imechelewa kwa miaka mingi.

Ipo pia kura ya sandukuni. Katika uchaguzi wa 2020, ambao CCM ilichukua karibu viti vyote vya majimbo, Mtwara Vijijini ilikwenda kwa Ndugu Shamsia Mtamba wa CUF. Uchaguzi una sababu nyingi, na hatutaki kuzifunga zote katika gunia moja. Lakini kada wa Mtwara asiyejiuliza kwa nini jimbo hilo, katika mwaka ule, lilitoka mikononi mwa Chama, anakwepa kazi yake. Mbunge alikuwa amesema. Kusema hakukutosha.

Miaka iliyofuata Serikali ilirudi kuwapa wakulima pembejeo za ruzuku, na msimu wa 2024/25 mavuno yalivuka tani 500,000. Kwa kiini chake, hoja ya viti vya nyuma ya 2018, kwamba zao linalotozwa lazima lilishwe, imethibitishwa na mikorosho yenyewe. Lakini pembejeo zinazotolewa kwa uamuzi wa mwaka zinaweza kuondolewa kwa uamuzi wa mwaka. Kilichopotea 2018 ni haki iliyoandikwa katika sheria.

Kazi ya makada

Kutokana na uchambuzi huu tunaona kazi tatu zilizo wazi. Madarasa ya itikadi yafundishe Bajeti na Muswada wa Fedha, kifungu kwa kifungu, ili tawi lijue mwezi wa Machi kile ambacho mbunge atakisema mwezi wa Juni. Mikutano ya vyama vya msingi imdai mbunge taarifa kabla ya kikao cha Bajeti na baada yake, na taarifa hiyo itaje fedha na vifungu, si safari na salamu. Na kamati ya wabunge wa Chama, inapokutana faraghani, iipime hoja ya mwenzao kwa swali moja: je, inamtetea mzalishaji? Ikimtetea, nidhamu ya Chama imsaidie kuipeleka kwa waziri mapema, wakati kalamu bado iko juu ya karatasi. Isipomtetea, aelezwe wazi na wenzake kabla hajasimama.