Kalinzi: jinsi bami wa Bushi walivyotawala kwa ardhi

Ukipanda kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuelekea Cirunga, makao ya usultani wa Kabare, unaingia Bushi, nchi ambayo ukoo wa Banyamwocha umeitawala vizazi kwa vizazi. Hawakuwa na karani wala daftari. Nguvu yao ilikaa katika mapatano ya ardhi yaitwayo kalinzi.

Ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mwami, yaani mfalme (kwa wingi, bami). Mwami alimkabidhi murhambo, mkuu aliye chini yake, kilima, naye murhambo akawagawia wenye kaya. Aliyepokea alitoa ng'ombe mmoja au zaidi mbele ya mashahidi. Tangu siku hiyo shamba lilikuwa lake na la warithi wake, naye akawa mtu wa yule aliyempa: alimtii na kumtumikia. Asiye na ng'ombe alichukua bwasa, yaani shamba la muda analolipia kwa kazi au kwa sehemu ya mavuno. Huyu hakuruhusiwa kupanda migomba. Mgomba hudumu miaka mingi, na kudumu ni haki ya kalinzi. Ndiyo maana shamba la migomba kuzunguka nyumba lilikuwa hati ambayo jirani yeyote aliweza kuisoma.

Lakini kugawa ardhi pekee hakutoshi kudumisha dola. Huko India, mfalme Harsha wa Kanauj, aliyetawala kuanzia 606 hadi 647, naye aligawa ardhi, na bamba la shaba la Banskhera bado lina sahihi yake. Lakini alikufa bila mrithi, na dola yake ikasambaratika. Bushi ilijikinga na hatari hiyo. Mwami akifa, bajinji, wazee walinzi wa mila, walimsimika mrithi, na akiwa mtoto, mama yake, mwamikazi, alishika utawala kwa niaba yake. Ukoo ukabaki, na mapatano ya ardhi yakabaki nao.

Mfumo huu uliharibiwa kutoka nje. Mwaka 1928 wakoloni Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, na ardhi ya malisho au iliyopumzishwa ikahesabiwa haina mwenyewe, ikapewa walowezi. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais kuhusu ardhi za kimila, lakini miongo ikapita bila amri hiyo. Katika mwanya huo, mwenye fedha hupata cheti cha ardhi ambayo mwingine ameilima maisha yake yote, na mkulima hubaki na mashahidi waliokwisha kufa.

Kalinzi ilikuwa na dosari: ilimweka maskini chini ya tajiri wa ng'ombe. Lakini ilimlazimu mtawala kuheshimu alichokwisha kutoa. Kazi iliyo mbele ya bami na Serikali ni kuandika kila kalinzi kwa jina, mipaka na majirani, wajane wakiwemo, wakati wazee wanaoijua mipaka hiyo wangali hai.