Kitovu cha Usukani Hakidanganyi

Ukitaka kusifiwa kwenye maonyesho ya magari ya zamani siku hizi, dawa ni rahisi: chukua Austin-Healey, ipige rangi mbili zing'ae, ifunge usukani wa mbao uliotoka dukani jana, kisha simama pembeni upokee pongezi. Hivi majuzi nimeona gari la namna hiyo likipewa utepe wa kwanza. Waamuzi waliinamia kromu, wakapapasa ngozi ya viti, wakakagua hata spoki za magurudumu. Usukani hakuna aliyeugusa. Na kwenye kitovu cha usukani, pale penye kitufe cha honi, ndipo gari la spoti la zamani linapokiri madhambi yake yote.

Tuanze na mepesi. Kitufe cha honi kiwe cheusi. Hilo halina mjadala. Kikandamizwe kwa kidole gumba. Kinachodai kiganja kizima ni cha lori. Nembo yake iwe na kina, jicho liingie ndani. Nembo feki huchapwa kwenye stika, ikamwagiwa plastiki ya maji ikafura kama andazi, na mtu analipia takataka hiyo kwa dola.

Halafu ujue historia ya nembo yenyewe. Porsche waliiweka ngao yao kwanza kwenye kitovu cha usukani, mwishoni mwa 1952. Kwenye boneti ilifika 1954. Kwa hiyo Porsche 356 ya 1953 yenye ngao kwenye boneti na kitovu kitupu, mwenyewe ameisoma historia kinyumenyume.

MGA ndiyo mtego wa wajuaji. Gari hilo, lililoundwa Abingdon kuanzia 1955 hadi 1962, honi yake iko kwenye dashibodi. Kitovuni mwa usukani mna nembo ya MG ya pembe nane, na ukiikandamiza hadi kesho huambulii mlio. Muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha MGA yake akijigamba kwamba "hata honi ya usukani inalia vizuri." Nilimshukuru, nikaondoka. Gari lililochezewa mahali panapoonekana hivyo, usiombe kuona pasipoonekana.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kwenye Healey 100, ile aliyoionyesha Donald Healey Earls Court, London, mwaka 1952 na Austin wakaichukua kuiunda, kitovu cha usukani kimebeba swichi ya kampuni ya Lucas: kitufe cha honi katikati, na juu yake kijiti cha indiketa. Mwanagenzi ataisifu nembo, atasifu plastiki, ataondoka. Hatazungusha usukani. Angezungusha, angeona kwamba kitovu hakizunguki. Usukani unakwenda kushoto hadi mwisho, unarudi kulia hadi mwisho, na kitufe kimetulia palepale, kijiti kikiangalia juu.

Siri ni mrija mwembamba. Unaanzia nyuma ya swichi, unapita ndani ya fimbo ya usukani yote, unaingia kwenye stiringi boksi na kutokeza upande wa pili, mbele kabisa. Huko umebanwa kwa nati yenye pete laini ndani yake. Nati hiyo ina kazi mbili: kuuzuia mrija usizunguke, na kuzuia oili ya stiringi boksi isivuje. Nyaya zote zinapita ndani ya mrija na kutokea huko chini: ya kahawia yenye mstari mweusi ni ya honi, ya kijani yenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, ya kijani yenye mstari mweupe ni ya kulia. Na kwa kuwa kitovu kimesimama huku usukani ukikizunguka, indiketa hujizima yenyewe usukani unaporudi katikati. Sikiliza ule mlio mfupi wa kijiti kikirudi. Hakuna muziki mtamu kuliko huo.

Namkumbuka mzee mmoja, fundi wa Industrial Area, Nairobi. Ukimletea Healey, hakwenda kwenye usukani kwanza. Alipiga magoti mbele ya gari, akapenyeza mkono chini hadi kwenye ile nati, akatazama kidole. Kikiwa na oili mbichi, alijua kuna mtu amefungua bila kubadilisha pete. Akibadilisha nyaya, hakuvunja kitu: alifunga nyaya mpya kwenye ncha za zile kuukuu, akavuta taratibu kutoka chini huku kijana wake akilisha kutoka juu, na wote wawili kimya. Kisha alinyoosha magurudumu, akakisimamisha kijiti wima, ndipo akakaza nati.

Matapeli nao wana mbinu zao. Nyaya zikifa, huung'oa mrija wote, wakaziba tundu la stiringi boksi kwa boliti, wakapachika swichi ya gari jingine chini ya dashibodi, kisha usukani mpya ukafungwa na kitufe kinachozunguka nao kama pia. Mwingine nilimkuta amekigandisha kitovu kwenye usukani kwa gundi. Kona ya kwanza, nyaya zote zilikatika.

Sina ugomvi na mbao. Zipo adapta zinazoruhusu usukani wa mbao kukibeba kitovu cha Lucas, na anayezitumia namvulia kofia. Ugomvi wangu ni na wanaodhani kitufe ni pambo. Pat Moss na Ann Wisdom waliposhinda rali ya Liège–Rome–Liège mwaka 1960 wakiwa na Healey 3000, magari yalijengwa na watu waliojua kwamba dereva yuko kwenye kona na hana muda wa kukitafuta kitufe kwa macho. Magari ya leo yamejaza pale mfuko wa hewa, na honi imekuwa jambo la kubahatisha.

Basi ukienda kununua, shika usukani kabla hujashika kalamu. Washa indiketa, zungusha hadi mwisho pande zote mbili, piga honi ukiwa katikati ya kona, kisha piga magoti mbele ya gari. Muuzaji akikuambia usukani wa mbao ni nyongeza ya bure, mwambie basi apunguze bei ya mrija alioutupa.