Broshiri niliyowauzia: naikosoa mimi mwenyewe



Juma iliyopita mmoja wetu aliniomba kopi ya ile broshiri ya sataranji (eshek, sawa tunavyosema wengi) niliyoitengeneza miaka miwili iliyopita. Kurasa 24, fotokopi, franka 3.000. Wengi wenu mnaijua juu mliinunua. Nimemkatalia. Leo naandika kueleza juu ya nini nimemkatalia, na kuikosoa ile broshiri mbele yenu, sawa vile ningekosoa kitabu cha mtu mwingine.

Nianze na mazuri yake, juu yako. Inafundisha funguzi 12, maana yake namna 12 za kuanza mchezo: ya Kiitalia, ya Kihispania ambayo watu wanaiita kwa jina la padri Ruy López aliyeandika kitabu chake mwaka 1561, ya Kisisilia, ya Kifaransa, Caro-Kann, na zingine. Kila ufunguzi una hatua 10 ao 12, zimepangwa vizuri kwa safu. Majina ni sahihi. Hatua ni sahihi. Nilizinakili kutoka vitabu na video, nikazihakikisha mara mbili. Ukitafuta kosa la hesabu ao la chapa mule ndani, utachoka bure.

Ubaya wake ni huu: mu kurasa 24 hakuna hata mara moja neno «juu ya nini».

Nitawapa mfano mmoja, ule ulionifungua macho. Ilikuwa mashindano madogo kati ya fakulte, mu oditware, meza sita. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa amemeza broshiri yangu yote. Namaanisha yote: ukimtajia ufunguzi, anakuimbia hatua zake sawa sala. Mchezo wake wa kwanza uliisha mu dakika sita. Alikuja kunitafuta huku macho yanametameta, akaniambia: «Yaya, ile kitu haikukuwa mu broshiri yako.»

Ile kitu ilikuwa nini? Alicheza nyeupe, ufunguzi wa Kiitalia, ukurasa wangu wa 7. Nyeupe inapeleka pioni e4, nyeusi inajibu e5. Farasi ya nyeupe inatoka f3, farasi ya nyeusi c6. Fu ya nyeupe inakwenda c4. Hapa broshiri inasema: nyeusi ina majibu mawili, ao fu c5, ao farasi f6. Na mambo inaishia pale. Lakini kijana aliyekuwa mbele yake hakucheza hata moja. Alichukua ileile farasi ya c6 akairusha katikati, d4.

Dada akaangalia. Pioni ya e5 haina tena mlinzi. Mu kichwa chake hakuna ukurasa wa hali hii, basi alifanya kile macho yalimwambia: farasi akala e5. Pale malkia ya nyeusi ikatoka mpaka g5, inatisha farasi na tena pioni ya g2. Farasi ya nyeupe ikaruka f7, inashika malkia na mnara kwa pamoja, na dada akafikiri amekwisha kushinda. Malkia akala g2. Mnara ya nyeupe ikakimbilia f1. Malkia akala e4, eshek. Fu ikarudi e2 kumfunika mfalme. Kisha farasi ya nyeusi f3, mati. Mfalme amezungukwa na vitu vyake mwenyewe, na fu ya e2 haiwezi kula ile farasi juu malkia ya e4 imeifunga mbele ya mfalme. Hatua saba.

Huu ni mtego wa zamani, una mpaka jina, jina la Mwingereza Blackburne. Ningeweza kusema: basi, tuuongeze mu broshiri, ukurasa 25. Njo wazo langu la kwanza, siwafichi. Lakini dada akasema neno lingine lililoniumiza zaidi: «Nafikiri eshek haiko yangu. Niko mujinga.» Hakusema broshiri ni mbaya. Alijihukumu mwenyewe. Alifuata kila kitu nilichomwambia, akalipa franka zake, akapigwa, na lawama akaibeba yeye. Pale nikaelewa kama ukurasa 25 hautatosha.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Mbele ya hatua ya kwanza, nyeupe ina chaguo 20. Nyeusi nayo ina 20. Nyuma ya hatua moja kila upande, kuna hali 400. Nyuma ya hatua mbili kila upande, njia za kucheza ni 197.281. Ni kweli, nyingi ni za kipumbavu, hakuna mtu atazicheza. Lakini ile mitego ya mitaani inatoka paka mu zile za «kipumbavu». Ensiklopedia kubwa ya funguzi, ile ya vitabu vitano vyenye herufi A mpaka E, imegawa funguzi mu vifungu 500. Mabingwa wenyewe hawaimezi yote. Na mimi niliwaambia mtashinda na funguzi 12!

Nilirudi nyumbani nikafungua kaye yangu mwenyewe, maana nilikuwa na zoezi la kuandika michezo yangu. Ilikuwa na michezo 31. Nilihesabu: mu michezo 26, mmoja wetu alikuwa ametoka nje ya broshiri mbele ya hatua ya sita. Mara nyingi alikuwa mwenzangu, mara zingine mimi mwenyewe juu nilisahau. Maana yake zile hatua 10 ao 12 nilizowapangia, mimi mwandishi wake karibu sikuzitumia. Na hizo ndizo nilikuwa nawauzia wandugu.

Siku ya pili nilikaa na yule dada. Umeme hakuna, telefone zote mbili zimezima, tukabaki na ubao wa karton na kaye yake. Hakukuwa na mashine ya kutuambia. Nilimwuliza maswali matatu tu. La kwanza: ni wapi ulianza kucheza peke yako, bila kukumbuka? Alionyesha hatua ya nne, mara moja. La pili: pale ulifikiri nini? Akasema: «Nilifikiri amesahau pioni yake.» Swali la tatu: basi angalia ubao sasa, bila haraka. Ile farasi ya d4 imefanya nini, na imeacha nini?

Alikaa kimya karibu dakika kumi. Kisha akaanza kusema polepole, na mimi nikanyamaza. Ile farasi imetembea mara mbili. Nyeusi haina kitu kingine nje. Mimi niko na farasi na fu tayari. Kama anataka nikule e5, labda njo kitu anangojea. Na farasi yangu inaweza kula ile ya d4 yenyewe. Akaweka farasi yake juu ya d4, pioni ya e5 ikaila, akahesabu: fu yangu iko nje, yeye hana hata kimoja nje, na ni zamu yangu. «Yaya, niko vizuri!» Ndiyo, alikuwa vizuri. Hajasoma hiyo jibu mahali popote, aliifikia mwenyewe. Akaandika mu kaye yake mistari mitatu: hatua, wazo lake la siku ile, wazo la leo.

Mwezi ule ule alikutana tena na ule mtego. Akala d4 bila kutetemeka. Nisiwadanganye, ule mchezo pia aliupoteza, lakini kwa hatua ya 40, mu mwisho wa pioni, mambo mengine kabisa. Aliporudi hakulia. Alikuja na kaye imefunguliwa.

Hapa wengine watanipinga, na wana haki. Kuna mwenzetu anasema: «Bila kushika kwa kichwa, utapigwa na mchungaji kila siku.» Anamaanisha ile ambayo Wafaransa wanaiita pigo la mchungaji: malkia na fu wanakimbilia f7, na mgeni anapata mati mu hatua nne. Ni kweli, kuna vitu vichache vya kushika. Lakini mwulize yeye mwenyewe alilijuaje hilo pigo. Alipigwa nalo. Wote tulipigwa nalo, mara moja ao mbili, tukauliza ni namna gani, na tangu siku ile hatujalisahau. Hakuna anayelikumbuka kwa sababu ya ukurasa. Kwa hiyo sisemi kichwa kisishike kitu. Nasema mchezo wako utangulie, kitabu kifuate. Ukifungua ukurasa wa Kiitalia nyuma ya kupigwa mu Kiitalia, utausoma kwa njaa, na kila hatua itajibu swali ulilo nalo tayari.

Mwingine anasema: mabingwa wanameza mistari mirefu. Ndiyo. Lakini angalieni Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1948, tena mtu mwenye diplome sawa ninyi, mhandisi wa umeme. Huyu aliheshimiwa sana kwa utayarishaji wake wa funguzi. Na alichosisitiza ni nini? Kuchambua michezo yako mwenyewe, na kutoa uchambuzi wako hadharani kusudi wengine waukosoe. Mistari yake mirefu ilitoka mu kazi hiyo. Sisi tunakopa matokeo, kazi tunaiacha.

Wa tatu, huyu ni wa kizazi cha telefone, anasema: «Broshiri imekufa zamani. Leo kuna mashine.» Ni kweli Lichess ni ya bure, na ukimaliza mchezo, Stockfish inakuonyesha makosa yako yote. Ninaitumia. Lakini nimewaona watu, na mimi nilikuwa mmoja wao: mchezo wa dakika tatu, umepigwa, unabonyeza, mashine inasema hatua ya nne ni kosa kubwa, unatikisa kichwa, unaanza mchezo mwingine. Mara 30 kwa usiku mmoja, mpaka mega zinaisha. Kesho kosa ni lilelile. Ile haiko kujichambua. Ni kumeza broshiri nyingine, tofauti yake tu inatoka mu kioo. Mashine itakuambia farasi ale d4, lakini haitajua kama wewe ulifikiri mwenzako amesahau pioni. Na ugonjwa ulikuwa pale: kufikiri kama mwenzako ni mjinga.

Basi mpango ninaoufuata sasa ni huu, wala si uvumbuzi wangu. Mchezo mmoja, dakika 15 ao zaidi kila mtu, unaandika hatua zako. Ukiisha, kaa na yule mliyecheza naye, hata kama amekushinda, zaidi sana kama amekushinda, mwulize alitaka nini. Tafuteni pamoja hatua ya kwanza ambapo mmoja wenu alikuwa peke yake. Kisha angalia peke yako, andika mistari mitatu. Nyuma ya pale fungua kitabu. Mashine iwe ya mwisho, ikuhakikishie ao ikukatalie. Ufunguzi mmoja kwa nyeupe na jibu moja ao mawili kwa nyeusi vinatosha mwaka mzima. Ni polepole, najua. Mu miezi miwili ya kwanza wale waliomeza watakupiga.

Niseme na lingine, halafu niwaache. Nilijiuliza ile tabia ya kutengeneza broshiri niliitoa wapi. Sikuenda mbali. Miaka mitano mu oditware nilimeza silabusi, nikazirudisha siku ya mtihani, nikapata kote nzuri. Siku moja, nyuma ya diplome, mtu aliyetaka kuniajiri alinipa tatizo dogo ambalo silabusi haikulitaja. Nilikaa sawa yule dada mbele ya farasi ya d4. Nilichukua pioni ya bure. Sikupata ile kazi, na nilirudi nyumbani nikisema labda niko mjinga. Hakuna aliyeketi na mimi siku ya pili kuniuliza: pale ulifikiri nini?

Kwa hiyo, wandugu: aliye na broshiri yangu ailete Jumamosi. Nitamrudishia franka 3.000 zake, ao nitampa kaye mpya isiyoandikwa kitu, yeye achague. Kwanza ile kaye ndiyo ningewauzia tangu mwanzo, lakini nani angelipa 3.000 kwa kurasa nyeupe? Na yule aliyeniomba kopi juma iliyopita, aje na ubao. Tutacheza mchezo mmoja, kisha tutakaa.

Kama nimekosea mahali mu hesabu zangu ao mu hatua zangu, mnikosoe.