Mshubiri Mzuri Utazame Shinani

Ukienda kuomba au kununua mshubiri, alovera kama wengi tunavyouita, usianze na majani. Majani yaliyojaa yanaweza kuwa ya maji ya juzi tu. Sukuma shina kwa kidole: likiyumba, chini kumeoza. Likikaa imara, omba mche utolewe kwenye kopo. Mizizi mizima ni migumu, myeupe au ya manjano hafifu. Iliyoharibika ni ya kahawia, ukiibana inateleza vidoleni kama uji, na harufu yake ni ya uvundo. Mche huo uache, hata ukipewa bure.

Sisi wa Chiwata na Newala tuna bahati ya udongo. Kichanga cha uwanda wa Makonde hakituamishi maji, na ndiyo maana kwa vizazi vingi watu wa juu walishuka mabondeni kuyateka. Mshubiri unakipenda kichanga hicho. Kinachouua mara nyingi ni huruma yetu: maji kila siku, ndani ya ndoo ya plastiki isiyo na tundu. Chungu cha kufinyangwa kilichotobolewa chini ni bora zaidi, kwa kuwa unyevu hutokea hata ubavuni.

Rangi huwadanganya wengi. Kufikia Agosti, mshubiri uliokaa juani huingia wekundu na ncha zikajikunja kidogo. Wanunuzi huukwepa, mimi ningeuchukua huo kwanza. Una kiu tu, na ukinyweshwa vizuri mara moja hujaa tena. Ule wa kijani kilichopauka, majani marefu yamelala ubavu, umelelewa kivulini, na ukiuweka juani ghafla utababuka.

Ufundi wa mtunzaji unaonekana kwenye kidonda. Ikiwa unatafuta pia mnyaa, ambao hupandwa kwa tawi, kumbuka kuwa likikatwa hutoa utomvu mweupe, hatari kwa macho, kwa hiyo nawa mikono mara moja. Mwenye subira huliacha tawi kivulini siku kadhaa, akapaka mkato salfa ya unga, ileile ya mikorosho, ndipo akalipanda. Mkato mzuri ni mkavu na umefunga; ukiwa bado unanata, aliharakisha.

Tukirudi kwa mshubiri, chungulia pia kwenye maungio ya majani na shina. Wadudu wadogo waitwao vidung'ata hujificha humo na utando wao mweupe wa pamba.

Mwisho tazama watoto pembeni mwa mama. Mwenye mizizi yake mwenyewe anaweza kutengwa. Asiye nayo mwache palepale.