Tazama Miguu ya Stelingi

Ukitaka kujua kama filamu ya mapigano imetengenezwa na mafundi, acha kutazama ngumi. Tazama miguu. Mtu anayepigana hukanyaga, huyumba, hutafuta pa kusimama. Kamera ikimwonyesha mzima, utosi hadi unyayo, basi kuna mwili uliofanya kazi. Ukiona mkono peke yake, kisha uso, kisha mtu yuko chini, hapo aliyepigana ni mhariri.

Mfano mbaya kuliko yote niijuayo ni Taken 3 ya mwaka 2014. Liam Neeson anaruka uzio, jambo la sekunde chache tu, na picha imekatwa zaidi ya mara kumi. Mruko wenyewe hatuuoni. Sasa tazama John Wick: Chapter 4 ya 2023. Mwongozaji wake, Chad Stahelski, alikuwa mwigizaji mbadala wa Keanu Reeves kwenye The Matrix, na anajua mwili unavyoanguka. Wick, yaani Reeves, anatakiwa apande ngazi 222 za kuelekea kanisa la Sacré-Cœur, Paris, kabla jua halijachomoza. Anapigana ngazi kwa ngazi, anakaribia juu, anapigwa teke na kubiringika mpaka chini kabisa. Aanze upya! Ngazi zote tumeziona, muda uliobaki tunaujua, kwa hiyo tunaguna na kucheka kwa pamoja.

Kicheko hicho ndicho kipimo changu cha pili. Mapigano na vichekesho ni ufundi mmoja: chanzo na tokeo vionekane, na muda upatie. Mwaka 1928, katika Steamboat Bill, Jr., ukuta wa nyumba ulimwangukia Buster Keaton, naye akabaki wima pale pale tundu la dirisha lilipopita. Jackie Chan aliurithi ufundi huo. Kwenye Project A ya 1983 anaachia mshale wa saa ya mnarani, anapasua maturubai na kutua chini kwa kishindo. Vibanda umiza vyetu vilimpenda hata pale ambapo hakuna aliyeelewa neno la Kikantoni, maana hadithi yote ilikuwa mwilini mwake.

Kwenye vichekesho, mpime mwigizaji kwa uso wake. Katika The Naked Gun ya 2025, Neeson yule yule anatamka upuuzi kwa ukali ule ule aliowatishia watekaji katika Taken. Hakonyezi, hasubiri tucheke. Hapo ninampa alama zote. Novocaine, ya mwaka huo huo, nayo ina wazo zuri: Jack Quaid ni mtu asiyesikia maumivu, na anapoteswa inambidi ajifanye anaumia ili watesi wasigundue. Mzaha huo unatoka ndani ya hadithi, haukubandikwa.

Halafu filamu ikiisha, usinyanyuke. Soma majina ya waigizaji mbadala. Aliyebiringika kwenye zile ngazi za Paris kwa niaba ya Reeves ni Vincent Bouillon, na anastahili kujulikana. Tuzo za Oscar zimekuwepo tangu 1929, lakini ni mwaka 2025 tu ndipo kilipotangazwa kipengele cha watu wa kazi hii, kitakachoanza na filamu zitakazotoka 2027.