Kigoda cha Milansi na Wosia wa Mwana Kupona

Mpenzi wa ushairi wa visiwani akitajiwa Kirando, huenda asiihesabu kuwa ni pwani. Hata hivyo Kirando nayo ina mashua, wavuvi na harufu ya dagaa walioanikwa juani. Ila maji yake ni ya Ziwa Tanganyika. Kiswahili kilifika pande hizo pamoja na misafara ya karne ya 19 iliyovuka ziwa kwenda Kongo. Nyuma ya mwambao huo kuna nyanda za juu za Ufipa, na jina la wilaya, Nkasi, ni la ufalme wa kale wa Nkansi. Kisasili cha asili ya utawala huo kinastahili kusomwa sambamba na Utendi wa Mwana Kupona, kwani vyote viwili vinazua swali moja: uanamke ni nini, na ni nani aliyeupa maana yake?

Kisasili chasimulia kuwa Milansi ilikuwa na mtawala wake. Siku moja, naye hayupo nyumbani, walitokea wanawake watatu wageni. Mkewe ndiye aliyewapokea, na kigoda cha enzi kikaingia mikononi mwao. Mume aliporudi, mambo yalikwisha kupita. Akabakiwa na Milansi na heshima ya kimila. Nchi ikawa ya ukoo wa Twa, uliotokana na wanawake wale.

Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1967 uchambuzi mashuhuri wa kisa hiki. Kwake, Milansi ni kichwa, yaani uanaume, akili na ukubwa. Twa ni kiuno, yaani uanamke, uzazi na udogo. Ulinganisho huo hakuuzua. Aliujenga juu ya namna Wafipa wenyewe walivyouelewa mwili wa mtu. Uzuri wa uchambuzi wake ni kuonyesha kwamba kichwa na kiuno havitengani. Kasoro ni kwamba msomaji hutoka akiamini kuwa mgawanyo huo umo katika matendo ya kisa. Haumo. Katika kisa chenyewe, kichwa hakipo nyumbani. Wanaosafiri ni wanawake, wanaokutana ni wanawake, na jambo linaloigeuza nchi linaamuliwa baina yao. Akili wanayonyimwa na ishara, wamepewa na hadithi.

Pwani nayo imemsoma Mwana Kupona binti Mshamu kwa kosa linalofanana na hilo. Utendi wake wa mwaka 1858, aliomwusia binti yake Mwana Hashima, umegawa wahakiki. Wako wanaoulaumu kwa kufundisha utii kwa mume, na wako wanaoutetea kuwa ni mapenzi ya mama. Pande zote mbili hutazama yanayousiwa na kumsahau anayeusia: mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mgonjwa, aliyeshika bahari ya utendi akafundisha dini, adabu na maisha, kisha akafunga kwa dua. Mwalimu huyo si kiuno kisicho kichwa.

Hata hivyo, kumsifu mtunzi hakufuti alichokisema. Utendi unaifungamanisha radhi ya Mungu na radhi ya mume, na fundo hilo limewabana wasichana wengi ambao hawakupata kuambiwa kuwa aliyelifunga alikuwa mwanamke mwenye elimu na sauti yake mwenyewe. Waliurithi utii, usomi hawakurithishwa.

Jambo hili halikuishia katika vitabu. Machi 2021, Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania, ilimlazimu kuwakumbusha waliotilia shaka kuwa aliyesimama mbele yao ni Rais, ingawa maumbile yake ni ya kike. Kigoda kilikwisha kukaliwa, na bado watu walikuwa wakimtafuta mwenye kichwa.

Kando ya ziwa, wanaume huvua usiku kwa taa. Kukipambazuka, wanawake hununua dagaa, huwaanika na kuwatafutia soko. Kazi hiyo inataka hesabu, subira na kauli thabiti. Binti wa Kirando anayemwona mama yake akikubaliana bei na wachuuzi ana haki ya kusomeshwa kisa cha Milansi chote, pamoja na yule mke aliyebaki nyumbani akaamua.